Wagonjwa wanaoishia dirishani: tuzungumze huduma za afya kwa watu wa LGBT

#1 NesiWaZamu

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila uzi unaohusu wapenzi wa jinsia moja au watu waliobadili jinsia huishia kwenye mabishano yale yale ya maadili, kisha unafungwa. Naomba huu tuupeleke kwingine. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya VVU na magonjwa ya zinaa. Kinachoniumiza ni kuona watu wakiteseka kwa magonjwa yenye dawa, na dawa iko kabatini hatua chache kutoka walipoketi, kwa sababu hawakuweza kusema kinachowasumbua.

Mambo huenda hivi. Kijana anafika akiwa na maumivu njia ya haja kubwa, anatokwa na usaha na damu kidogo. Dirishani kuna karani, nyuma yake kuna foleni, na benchi la wagonjwa liko karibu kiasi cha kusikia kila neno. Karani anauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Unaumwa nini?" Kijana anajibu: "Tumbo." Anaingia kwa daktari na kadi iliyoandikwa tumbo. Mlango hauna komeo, nesi anaingia na kutoka kuchukua mafaili, wanafunzi wawili wamesimama pembeni na madaftari yao. Daktari anambonyeza tumbo, anamwandikia dawa ya minyoo na ya maumivu, anamtakia heri. Kijana anaondoka na kisonono chake.

Angalieni vizuri: hapo hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Tukisema unyanyapaa, wengi wanawaza matusi na kufukuzwa, na hayo yapo kweli. Lakini wagonjwa wengi tunawapoteza kimya kimya namna hii, kwenye vituo ambavyo wahudumu wake wangekuapia kwamba hawajawahi kumbagua mtu.

Sasa upande wa kitaalamu. Kisonono na klamidia vinaweza kukaa kooni au kwenye njia ya haja kubwa, na mara nyingi bila dalili yoyote. Kipimo cha mkojo hakiwezi kuona kilichoko huko. Mtu atapima mkojo, ataambiwa yuko salama, ataendelea kuugua na kuambukiza akiwa na karatasi ya majibu mkononi. Inatakiwa sampuli ichukuliwe kwa kijiti chenye pamba mahali penyewe. Na habari njema ni kwamba mgonjwa akielekezwa anaweza kuichukua mwenyewe chooni, akairudisha kwenye kichupa, na majibu yakawa ya kuaminika sawa na sampuli iliyochukuliwa na mhudumu. Hakuna kuvua nguo mbele ya mtu. Lakini ili nimpe kijiti hicho, lazima nijue anafanya mapenzi ya namna gani. Ili nijue lazima nimuulize, na ili anijibu lazima awe na hakika kwamba jibu lake halitatoka nje ya chumba kile.

Kwa VVU ni hivyo hivyo. Leo tuna vidonge vya kujikinga, PrEP, vilivyoidhinishwa kwanza Marekani mwaka 2012. Shirika la Afya Duniani likavipendekeza mwaka 2015 kwa yeyote aliye kwenye hatari kubwa. Julai 2025 shirika hilo likapendekeza na sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka. Sayansi imeshafanya kazi yake kwa kiasi kikubwa. Kilichobaki ni mtu kuweza kuingia mlangoni na kuiomba.

Nikiulizwa tuanzie wapi, mimi ningeanza na dirisha. Karani asiulize ugonjwa. Aulize jina na kama ni dharura, basi. Kisha mlango wa chumba cha daktari ufungwe. Na mafunzo ya usiri yawahusu wote, yaani mlinzi wa getini, msafishaji, karani, mtu wa maabara. Siku hizi tunawafundisha madaktari na wauguzi kwenye semina nzuri kabisa, halafu mgonjwa anakutana na mlinzi anayemwangalia juu mpaka chini na kumuuliza "wewe ni nani hasa?" Semina yote imekufa hapo getini.

Karibuni wenye uzoefu, wagonjwa na wahudumu. Matusi tafadhali myaache nje ya uzi huu.

#2 Mpita_Njia

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu.

#3 MzeeWaKijiwe

Mleta mada, nakupongeza kwa lugha ya staha. Lakini nami niseme langu. Mimi ni mtu wa dini na siwezi kubariki mambo haya. Pia naona kuna upendeleo. Mbona hatuanzishi nyuzi za watu wenye kisukari au kina mama wanaojifungulia sakafuni? Kwa nini hawa wapewe huduma maalumu?

#4 NesiWaZamu

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeuliza bila kutukana.

Dini yako sikuombi uiache, na wala sikuombi ubariki chochote. Nami nina ya kwangu, na ninaingia nayo kazini kila siku. Ninachoomba ni huduma ile ile: kipimo sahihi, mlango uliofungwa, siri iliyotunzwa. Mama anayejifungua anahitaji pazia na mwenye kisukari anahitaji kusikilizwa. Siwanyimi hao chochote nikifunga mlango wa chumba changu. Tena tulipoacha kuuliza ugonjwa dirishani pale kwetu, waliofurahi zaidi ni kina mama wenye matatizo ya kizazi na wazee wenye shida ya kibofu. Nao walikuwa wanasema "tumbo".

Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani, lile lililopitishwa mwaka 1948 na kurekebishwa mara kadhaa, linamtaka daktari asiruhusu dini, kabila, siasa wala mwelekeo wa kimapenzi wa mgonjwa uingie kati ya wajibu wake na mgonjwa huyo. Linamtaka pia atunze siri za mgonjwa hata baada ya mgonjwa kufa. Hicho ndicho kiapo cha kazi yetu. Mtu akishavaa koti jeupe, hilo la kuchagua wa kumtibu halimo tena mikononi mwake.

#5 MzeeWaKijiwe

Marahaba. Hilo la "tumbo" la wazee wenzangu umelisema kweli kabisa. Nasoma.

#6 Sina_Jina_Hapa

Mimi ni mmoja wa hao unaowazungumzia. Leo nimeamua kuandika.

Nilikwenda na kidonda sehemu za siri. Muuguzi alikuwa mpole mpaka aliponiuliza kuhusu mke nikamwambia sina, mwenzi wangu ni mwanaume. Akanyamaza. Akatoka. Akarudi na wenzake watatu, mmoja alikuwa wa idara nyingine kabisa, nilimjua kwa sare. Hawakusema kitu kibaya. Walisimama wakanitazama nikiwa nimelala pale kitandani bila suruali, kisha wakatoka, na nikawasikia wanacheka koridoni. Sindano nilichomwa na nilipona. Tangu siku ile nikiumwa chochote, hata jino, nafikiria mara mbili. Shinikizo la damu langu linapanda na ninajua linapanda, lakini sijaenda.

Watu wanadhani tukidhalilishwa tunakimbia kliniki za magonjwa ya zinaa tu. Tunazikimbia zote.

#7 NesiWaZamu

Pole sana ndugu yangu. Ulichofanyiwa kina jina kwenye kanuni za kazi yetu: ni kuvunja siri ya mgonjwa, na ni kosa la kinidhamu. Aliyemwita mtu asiyehusika na tiba yako aje akutazame ametoa siri yako hata kama hakufungua mdomo.

Na shinikizo la damu usiliache, tafadhali. Si lazima ueleze maisha yako ili upimwe presha. Nenda kituo kingine kabisa, hata duka la dawa lenye mashine, uanzie hapo. Ukiona namba ya juu ni 180 au zaidi na kichwa kinauma sana, kifua kinabana au macho yanaona ukungu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

#8 Binti_wa_Pili

Naomba nichangie kwa upande wa sisi wanawake waliobadili jinsia.

Kwenye kadi jina ni la kiume. Mimi nimevaa gauni na nimesuka. Jina likiitwa kwenye kipaza sauti, kusimama ni kujitangaza kwa ukumbi mzima. Huwa nakaa kimya mpaka wameita mara tatu, wakisonga kwa mwingine naondoka. Kwenye rekodi zao mimi ni "mgonjwa hakuonekana". Nilikuwepo. Nilikuwa kiti cha nne kutoka ukutani.

Wenzangu wengi wamejiganga. Wanameza vidonge vya uzazi wa mpango kwa wingi ili wapate homoni, wanachomana sindano bila mtu wa kupima damu yao. Tungekuwa na daktari wa kumuuliza, nani angefanya hivyo?

#9 NesiWaZamu

Dada yangu, umenigusa. Kwa jina, dawa yake ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri: kila mtu apewe namba na iitwe namba. Ndani ya faili kuwe na sehemu ya kuandika jina ambalo mgonjwa anapenda kuitwa, na jina la kwenye kitambulisho libaki kwa kazi za bima na maabara. Nesi hapotezi chochote kwa kumwita mgonjwa wake jina analolipenda.

Kwa hao wanaomeza vidonge kwa wingi, waambie hivi. Estrojeni (homoni ya kike) ya kumeza kwa dozi kubwa huongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa, hasa kwa anayevuta sigara. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, au pumzi ikikata ghafla na kifua kuchoma, wakimbilie hospitali saa hiyo hiyo na waseme wazi wanameza nini na kiasi gani. Hapo kuficha kunaua. Sindano wasichangie kabisa. Wapo pia wanaoacha ARV au PrEP wakihofia zitaharibu homoni zao. Wasiache, wamuulize mhudumu, kwa sababu PrEP inatumika salama pamoja na homoni.

#10 Msoma_Historia

Nyongeza kutoka kwenye kumbukumbu, maana kuna watu watadhani haya ni malalamiko ya kutunga.

Tyra Hunter alikuwa mwanamke aliyebadili jinsia, Washington, Marekani. Mwaka 1995 alipata ajali ya gari. Mhudumu wa kikosi cha uokoaji alipomkata nguo na kuona maumbile yake, aliacha kumhudumia na kuanza kumtolea maneno ya kejeli mbele ya watu. Alifia hospitalini siku hiyo hiyo. Mama yake alikwenda mahakamani, na mwaka 1998 baraza la mahakama likaamuru alipwe karibu dola milioni 2.9.

Robert Eads alikuwa mwanaume aliyebadili jinsia, jimbo la Georgia. Aliugua saratani ya ovari. Madaktari zaidi ya 20 walikataa kumpokea, baadhi wakieleza kwamba wataharibu sifa ya kliniki zao wagonjwa wengine wakimwona. Alipopata wa kumtibu saratani ilikuwa imeshasambaa. Alifariki Januari 1999.

Lakini historia ina upande mwingine pia. Mwaka 1983, kipindi ambacho UKIMWI uliogopwa kiasi kwamba sinia za chakula cha wagonjwa ziliachwa nje ya mlango, wauguzi wa hospitali ya umma ya San Francisco walijitolea wakafungua wodi yao, 5B. Waliwashika wagonjwa mikono, walikaa vitandani pao, na waliruhusu mgonjwa mwenyewe aseme nani ni familia yake na nani aingie kumwona. Hawakuwa na dawa ya kuponya hata moja wakati huo. Hospitali za nchi nyingine zilikuja kujifunza kwao.

#11 Mwanafunzi_Tiba

Mkuu NesiWaZamu, niko mwaka wa nne. Darasani tulifundishwa "chukua historia ya mahusiano", basi. Hakuna aliyetuonyesha namna ya kuuliza. Nikimuuliza mgonjwa mzee kama anafanya mapenzi na wanaume si atanipiga?

#12 NesiWaZamu

Hapana, hatakupiga, ukianza vizuri. Mimi hufanya hivi.

Kwanza namwambia kwa nini nauliza: "Nitakuuliza maswali ya faragha. Ninawauliza wote wanaokuja na tatizo kama lako, ili nijue vipimo vya kuchukua. Majibu yako yanabaki hapa. Swali usilotaka kulijibu, niambie tu turuke." Hiyo "wote" ndiyo inayoondoa uzito. Haoni kwamba nimemchagua yeye kwa anavyotembea au anavyovaa.

Kisha siulizi habari ya mke wala mume. Nauliza: "Una mwenzi au wenzi kwa sasa?" Halafu: "Ni wanaume, wanawake, au wote?" Nauliza hivyo kwa kila mtu, mzee na kijana, mwenye pete na asiye na pete. Wanaume wengi wanaofanya mapenzi na wanaume wana wake na watoto, na hawajiiti jina lolote. Ukimuuliza "wewe ni shoga?" atasema hapana, na kwa upande wake hajadanganya. Wewe unahitaji kujua alichofanya, mengine hayakuhusu.

Mwisho: "Mnapokutana, inahusika njia gani: ya mbele, ya nyuma, mdomo?" Unauliza kwa uso ule ule unaoulizia kikohozi. Ukisitasita au ukiinamisha macho kwenye karatasi, ameshajua kwamba hapa si mahali pake.

Na andika kwenye faili kile tu kinachosaidia tiba. "Sampuli ya njia ya haja kubwa imechukuliwa" inatosha. Faili linasomwa na watu wengi, na kwenye nchi zaidi ya 60 duniani mapenzi ya jinsia moja bado ni kosa la jinai. Neno moja la kizembe kwenye faili laweza kumpeleka mtu pabaya kuliko ugonjwa.

#13 Tabibu_Mkongwe

Kwa hilo la jinai naomba niseme kama daktari. Ikitokea umeletewa mtu chini ya ulinzi na unatakiwa umkague njia ya haja kubwa ili "kuthibitisha" mapenzi ya jinsia moja, fahamu kwamba uchunguzi huo hauna msingi wowote wa kisayansi. Maumbile ya sehemu ile hayawezi kukuambia mtu amefanya nini na nani. Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha azimio mwaka 2017 kuwataka madaktari waache kuufanya, kwa kuwa ni udhalilishaji. Ukikataa unalinda taaluma yako. Andika kukataa kwako na sababu zake, na uweke nakala.

#14 Dalili_ya_Mvua

Mbona kila mtu anazungumzia wanaume? Mimi ni mwanamke, mwenzi wangu ni mwanamke. Nilikwenda kuomba uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Daktari akauliza mara ya mwisho nimekutana na mwanaume lini. Nikamwambia sijawahi. Akafunga faili: "Basi wewe huna haja." Ni kweli sina haja?

#15 Tabibu_Mkongwe

Si kweli dada. Virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, huambukizwa kwa kugusana ngozi na ngozi sehemu za siri, kwa mikono na hata kwa vifaa mnavyotumia pamoja. Mwanamke na mwanamke wanaambukizana. Ratiba yako ya uchunguzi ni sawa na ya mwanamke mwingine yeyote wa umri wako. Rudi, omba kipimo cha HPV. Sehemu nyingi sasa mwanamke anaruhusiwa kujichukulia sampuli mwenyewe. Hili linamhusu pia mwanaume aliyebadili jinsia ambaye bado ana mlango wa kizazi. Vivyo hivyo mwanamke aliyebadili jinsia bado ana tezi dume, na akifika umri husika ajadiliane na daktari. Kiungo ulichonacho ndicho kinachopimwa.

#16 Dalili_ya_Mvua

Ahsante daktari. Narudi wiki ijayo, na safari hii sitauliza kama nina haja.

#17 MdauWaMradi

Mimi niliwahi kufanya kazi kwenye vituo rafiki, vile vya waelimishaji rika. Kwa maoni yangu njia pekee ni kuwa na vituo vyao peke yao. Hospitali za kawaida hazibadiliki. Kule kwetu mtu anaingia, anapokelewa na mwenzake, anapata PrEP, kondomu na vilainishi vya maji, anapumua.

#18 NesiWaZamu

Mkuu, vituo hivyo navipenda na ninawapelekea watu kila mara. Mwelimishaji rika anaweza kumfikia mtu ambaye mimi sitamwona maisha yangu yote. Hata hilo la vilainishi ni ninyi mliolibeba. Hospitali nyingi hugawa kondomu bila kilainishi, watu wanatumia mafuta ya kujipaka, mafuta yanaharibu mpira, kondomu inapasuka.

Ila sikubaliani na "njia pekee". Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, vituo vya namna hiyo vilifungwa katika nchi nyingi ndani ya siku chache. Ruhusa ya kuendelea na baadhi ya huduma za VVU ilipotolewa, PrEP iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Waliokuwa wamezoea mlango ule mmoja walibaki nje, na hospitali ya kawaida ilikuwa haiwajui. Na kituo rafiki hakifanyi upasuaji, hakina wodi, hakitibu kiharusi. Sina_Jina_Hapa anahitaji mtu wa kumpima presha, na huyo yuko hospitali ya kawaida. Nadhani mwelimishaji rika anatakiwa awe na kiti ndani ya hospitali yenyewe, alipwe na hospitali, amsindikize mtu kutoka getini hadi dirisha la dawa. Mkiwa na uzoefu wa hilo tuelezeni.

#19 MdauWaMradi

Tumefanya hivyo sehemu moja. Mwanzoni watumishi walimkwepa kijana wetu hata kantini. Baada ya muda daktari akawa anamwita mwenyewe: "Njoo, kuna mtu wako hapa haniambii kitu." Alipohamishwa daktari yule, mambo yakarudi nyuma. Kwa hiyo nakubaliana na wewe nusu. Isimtegemee mtu mmoja mwenye moyo. Iandikwe kwenye utaratibu wa hospitali.

#20 Mama_K

Wanangu, samahani naingilia. Nina kijana wangu. Ameniambia mwenyewe. Ndugu wananishauri nimpeleke kwa mtu anayewatibu wabadilike. Hali chakula vizuri, halali. Naogopa nisije nikampoteza. Nifanye nini?

#21 Tabibu_Mkongwe

Mama, shikamoo. Usimpeleke huko.

Hakuna tiba ya kumbadilisha mtu, kwa kuwa hakuna ugonjwa hapo. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari Duniani kikazikataa hizo zinazoitwa tiba za kubadilisha, kwa kuwa hazifanyi kazi na zinaumiza. Wanaopelekwa huko hurudi wakiwa na huzuni nzito zaidi, na wengine hujaribu kujiua.

Kinachonitia wasiwasi ni kutokula na kutolala. Hiyo yaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Muulize wazi kama ana mawazo ya kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu naye, na umpeleke hospitali leo.

#22 NesiWaZamu

Mama yangu, kijana aliyekwambia mwenyewe bado anakuamini. Ukienda naye kliniki, kabla hajaingia mwambie daktari mbele yake kwamba umekuja kwa ajili ya huzuni na usingizi, na kwamba hilo lingine wewe huna shida nalo. Akikusikia ukisema hivyo, ataweza kuzungumza.

#23 Mama_K

Nitampeleka kesho asubuhi. Mungu awabariki.

#24 Kijana_Usiku

Samahani wakuu, nimeukuta uzi huu natafuta msaada. Juzi usiku nilikuwa na mwanaume, kondomu ilipasuka, leo ameniambia ana VVU na aliacha dawa. Naogopa kwenda hospitali, watanijua. Nisubiri miezi mitatu nipime?

#25 NesiWaZamu

Usisubiri. Nenda sasa hivi, idara ya dharura, usingoje kliniki ifunguliwe asubuhi. Kuna dawa inaitwa PEP, inazuia VVU visishike mwilini, lakini lazima ianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa unayowahi ni faida yako. Tangu juzi usiku muda wako unakwisha.

Dirishani sema maneno haya tu: "Nahitaji PEP, ni ndani ya saa 72." Huna deni la maelezo mengine pale. Ndani ya chumba, mwambie mhudumu kwamba kondomu ilipasuka, mwenzi ana VVU na hatumii dawa, na ni njia gani ilihusika; hiyo ndiyo inayoamua vipimo. Akikuuliza zaidi ya hapo mbele za watu, omba mlango ufungwe kwanza.

Na niseme kwa wote wanaosoma: kilicholeta hatari hapa ni kuacha dawa. Anayetumia ARV vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo haambukizi kwa kufanya mapenzi. Utafiti wa PARTNER uliofuatilia jozi 782 za wanaume wapenzi, mmoja akiwa na VVU vilivyodhibitiwa na dawa na mwenzake akiwa hana, matokeo yake yakachapishwa 2019, ulihesabu zaidi ya mara 76,000 za kukutana bila kondomu, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake huyo. Kwa hiyo mwenzako naye arudi kwenye dawa. Ukiwa na nguvu ya kumwambia, mwambie.

#26 Kijana_Usiku

Nimetoka sasa hivi. Nimepewa ya siku 28, nimemeza ya kwanza pale pale. Daktari alifunga mlango kabla hajauliza chochote. Wamechukua damu na ya homa ya ini pia. Nikisahau kidonge siku moja inakuwaje?

#27 NesiWaZamu

Umefanya vizuri sana. Ukisahau, meza mara tu utakapokumbuka, usimeze viwili kwa pamoja kufidia. Ukipitisha zaidi ya siku moja, rudi au wapigie. Kichefuchefu siku za kwanza ni kawaida. Meza pamoja na chakula. Majibu ya homa ya ini B yafuatilie kabla ya kumaliza dozi, kwa sababu baadhi ya dawa za PEP hufanya kazi juu ya kirusi hicho pia na hazitakiwi kuachwa kiholela kama unacho. Kama huna, omba chanjo yake. VVU utapima tena baada ya kumaliza dozi, na mara nyingine ikifika miezi mitatu. Mpaka hapo tumia kondomu na kilainishi cha maji.

Na kabla siku 28 hazijaisha waulize kuhusu PrEP, ili umalizapo hii uunganishe moja kwa moja bila siku ya wazi katikati. Muombe daktari huyo huyo aliyefunga mlango.